Nimemwambia Daktari Mgongo ni Wangu

Temeke, 3 Novemba 1953

Kwako Bi Tunu wa ukurasa wa ushauri,

Assalaam aleikum. Kama umenizidi umri, shikamoo, na kama hukunizidi basi shikamoo hiyo ibaki humo humo ndani ya bahasha, maana mie sijui mshauri wetu ni mtu wa umri gani, ila najua kila Jumamosi gazeti likifika hapa dukani watu wanasoma kwanza ukurasa wako ndipo wanauliza bei ya sukari. Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi ya juma lijalo, kwani siku hiyo nimeandikiwa kwenda hospitali kubwa kupigwa picha ya mifupa ya mgongo, na mgongo wangu mie hauna kitu, mzima kama ubao wa kaunta. Anayeumwa ni mke wangu.

Usicheke kwanza, Bi Tunu. Nisikilize mpaka mwisho halafu ukitaka kucheka ucheke.

Mie ni Mwarabu wa dukani. Marehemu baba yangu alitoka Shihiri akafungua duka Kariakoo, na mie nikahamia huku Temeke walipoanza kupima viwanja, duka mbele, nyumba nyuma, katikati mlango wenye pazia. Nyuma ya pazia anakaa mama Zubeida, ambaye ni mke wangu wa miaka kumi na sita, mama wa watoto wangu wanne, na mama yangu mzazi Bi Hayat, ambaye ndiye serikali ya nyumba. Sie kwetu mwanamke hatoki ovyo, na akitoka ni buibui na ushungi na mtu wa kumfuata, na jina lake halitajwi barazani, na habari za mwili wake ndizo kabisa hazizungumzwi na mwanamume mwingine hata awe nani. Baba yangu alipomwita daktari kwa ajili ya mama, miaka hiyo ya vita, daktari alikaa uani na mama akakaa chumbani mlango umefungwa, na baba ndiye aliyekuwa akienda na kurudi na maswali na majibu, na mama akapona. Basi mie nimekua nikijua hivyo ndivyo inavyokuwa.

Maradhi ya mama Zubeida yalianza Mfungo Mosi, Idi imepita kama siku kumi. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, akainuka, akarudi chini, akasema, ‘Mgongo huo!’ halafu akacheka, nasi tukacheka naye. Kuanzia siku hiyo ikawa kila akiinama kufagia anashika ukuta. Mama akamkanda na maji ya moto, akamchua na mafuta ya nyonyo, akaitwa mwanamke wa Mtoni akampiga chuku kwa pembe ya kuumika, akanywa na kombe la aya alilotuandikia mwalimu wetu wa chuoni, na kila kimoja kilimpa nafuu ya siku mbili tatu kisha maumivu yanarudi pale pale. Ilipofika Mfungo Tatu nikaona mwenzangu anapungua, bangili zinamporomoka mpaka kwenye kiwiko akiinua mkono, na jioni anajifunika kanga mbili na jua halijazama. Nikamwambia mama, huyu lazima apelekwe kwa daktari. Mama akasema, ‘Siku mkono wa mwanamume utakapogusa mgongo wa mkwe wangu, mie nafunga mzigo wangu nakwenda kwa Sultan.’ Sultan ni kaka yangu. Nikaliacha, maana mama akisema jambo la kufunga mzigo huwa anaufunga kweli, alishaufunga mara mbili.

Basi nikaona nifanye kama alivyofanya marehemu baba, niende mie nikamweleze daktari, anipe dawa nije nayo. Nikapanda basi mpaka Kariakoo kwa Daktari Haiderali, ambaye ni Khoja, Ithnaasheri, baba yake na baba yangu waliuza duka kwa duka, na yeye na mie tuliiba maembe pamoja kabla hajapelekwa Bombay kusoma. Njia nzima nilikuwa najifunza maneno moyoni: ‘Daktari, nimekuja kwa ajili ya watu wangu wa nyumbani.’ Nikafika, nikakaa kwenye benchi, na pale kwenye benchi walikuwa wamejaa watu ninaowajua, mzee Alibhai wa vitambaa kulia kwangu, jamaa wawili wa sokoni kushoto, wote wananiuliza hali, na mlango wa chumba cha daktari uko wazi, ni pazia tu, kila neno linasikika. Zamu yangu ikafika nikaingia. Haiderali akanambia, ‘Karibu Abdulsamad, leo umeota ndoto gani ya kunikumbuka? Una nini?’

Nikafungua kinywa nikasema, ‘Mgongo.’

Akasema, ‘Unauma tangu lini?’

Wallahi Bi Tunu, pale ndipo ningeweza kusema. Lakini nilimsikia mzee Alibhai akikohoa nje ya pazia, nikamwona kama anasikiliza mgongo wa mke wangu, nikasema, ‘Unaniuma tangu Mfungo Mosi.’ Ikawa imekwisha.

Akaniambia nivue shati. Nikavua. Akanibonyeza huku na huku akiuliza hapa panauma, hapa panauma, na mie nikawa nakisia pale mama Zubeida anapojishika, akifika hapo napiga ukelele, ‘Aaah!’ Akaniuliza kama nabeba magunia mwenyewe, nikasema ndiyo, akanigombeza kwa kuwa anamfahamu Gaudens mpagazi wangu, mwenye mabega mapana kama mlango. Akanipa vidonge na chupa ya dawa ya kuchua, akasema nilale chali, na nisibebe gunia.

Nikarudi nyumbani nikampa mama Zubeida dawa, nikamwambia daktari amesema ulale chali na usibebe magunia. Akasema, ‘Magunia gani, baba Zubeida?’ Nikasema ndivyo madaktari wanavyosema, wanajumlisha. Akasema, ‘Na kaniona wapi?’ Nikasema, nimemweleza kila kitu. Basi akanishukuru. Akasema hakujua kama mwanamume anaweza kwenda kujieleza kwa ajili ya mkewe, akaniombea dua mbele ya watoto. Ile shukrani inanisuta mpaka leo.

Vidonge vilipokwisha nikarudi, na safari hii Haiderali hakuwa na mzaha. Akauliza, unakonda? Nikasema nakonda. Akauliza, una homa? Nikasema kila jioni. Akanitia kipimo cha homa mdomoni, homa hakuna. Akanipandisha kwenye mizani, nimeongezeka ratili nne tangu mara ya kwanza. Akanitazama, akasema, ‘Abdulsamad, wewe ni mgonjwa wa ajabu, kwa maneno unakonda na kwa mizani unanenepa.’ Nikacheka kicheko cha mtu mwongo. Akauliza, na miguu je, ina ganzi? Nikasema sijui. Akasema, ‘Hujui miguu yako mwenyewe?’ Nikasema haina kitu. Nilisema hivyo kwa sababu sikuwahi kumuuliza mama Zubeida habari ya miguu. Haiderali akafikiri kidogo, akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa, nikapigwe picha ya eksirei, Alhamisi hiyo niliyokutajia, jina langu kamili, umri wangu, na anwani ya duka langu. Akasema picha ikionyesha mgongo safi tutaacha kusumbuka.

Nilipofika nyumbani siku ile nikamuuliza mama Zubeida, miguu yako ina ganzi? Akasema wa kushoto una siku nane kama si wake, anaukanyagisha chini hausikii ardhi, ila hakutaka kunitia hofu kwa kuwa mie na daktari tunajitahidi. Na juzi Jumapili alikuwa anavuka kizingiti cha jiko na sufuria ya uji, mguu ukamwachia, akaanguka. Uji haukumwunguza, alhamdulillahi. Mama alipomchua baada ya hapo akasema ameona kinundu katikati ya uti wa mgongo, kama kokwa la tende, na ukikigusa analia. Mama Zubeida si mtu wa kulia, Bi Tunu, huyu amezaa watoto wanne na mie niliyekuwa nje ya mlango sikusikia hata kilio kimoja.

Sasa nimekwama. Nikienda kwa Haiderali nikamwambia ukweli, atanicheka, na yeye hunywa kahawa baraza moja na kaka yangu Sultan, jioni hiyo hiyo mji mzima utajua kwamba Abdulsamad alijivua shati akapiga makelele kwa maumivu ya mkewe. Mama atafunga mzigo. Na mama Zubeida mwenyewe, aliyeniombea dua, atajua kuwa miezi miwili anakunywa dawa za mtu mzima wa afya. Nimewaza niende hiyo Alhamisi nipigwe hiyo picha, pengine madaktari wakubwa watatoa dawa yenye nguvu zaidi nami nimletee. Nimewaza pia nimwandikie Haiderali barua isiyo na jina. Nimewaza hata nimwambie nimepona, halafu niende kwa daktari mwingine wa Ilala asiyenijua, nianze upya, lakini nikajiona tena nasema ‘mgongo’ na tena navua shati.

Silali vizuri, na dukani napima unga ratili mbili namwandikia mtu tatu. Ninampenda mke wangu, Bi Tunu, sijapata kumwandikia mtu neno hili ila nimeona bora nikuandikie wewe nisiyekujua. Naogopa asije akaacha kutembea. Niambie nifanye nini, na unifiche jina, uniite tu

Mwenye Mgongo wa Kuazima.


BI TUNU ANAJIBU

Wewe bwana wa Temeke, waaleikum salaam, na shikamoo yako naipokea, nimekuzidi.

Uliniomba nisicheke na mimi nilicheka, ratili nne zilinishinda. Nilipofika kwenye mguu wa kushoto niliacha kucheka, nikavaa miwani vizuri nikaanza tena juu. Jibu hili halikungoja gazeti: nimelituma pia kwa Posta siku ile ile barua yako iliponifikia, kwenye sanduku uliloandika nyuma ya bahasha, na kama limekufikia na ungali umekaa dukani unasoma hapa mara ya pili, basi utaona haya. Nalichapa kwa ajili ya wenzako, na humu gazetini majina yote nimeyabadilisha, maana usidhani ni wewe peke yako. Ninazo barua tatu hapa za wanaume waliomwelezea daktari maumivu ya watu wengine.

Kabla ya kuandika ukurasa huu nilivaa aproni ya wodi ya wanawake miaka kumi na tisa. Mimi si daktari na sitakutajia ugonjwa kwa kuusoma kwenye karatasi, hilo ndilo kosa lenyewe tunalolizungumza. Lakini nikisikia mgongo unaoshinda kila dawa, na mwili unakonda, na homa ya jioni, na kinundu, na mguu unaokufa ganzi, nasimama. Tulikuwa tukiwaona, bwana. Waliokuja mapema walilazwa miezi, wakachoka, wakatugombeza wauguzi, wakatoka wanatembea. Waliokuja wamebebwa, mimi sikuwaahidi ndugu zao kitu. Mkeo bado anavuka kizingiti. Unaona uko wapi? Uko mahali pazuri, ila hupaswi kukaa hapo hata juma moja.

Kwanza hiyo Alhamisi. Usithubutu kwenda! Unajua nini kitatokea? Mashine itaupiga picha mgongo wako, mgongo wa mtu anayekula vizuri, na picha itatoka safi, inang’aa. Daktari wako amekwisha kukwambia, picha ikiwa safi tutaacha kusumbuka. Ataacha. Na akiacha, anayeachwa ni mama Zubeida. Uongo wako wa kwanza ulimchelewesha, huu ungemfungia mlango, tena kwa karatasi yenye muhuri wa hospitali. Na hiyo ‘dawa yenye nguvu zaidi’ unayoiwaza, nguvu ya kufanya nini? Dawa haiendi kwa mtu kwa sababu anapendwa. Huenda kwa ugonjwa ulioonekana.

Habari ya daktari wa Ilala nisiisikie tena, na barua isiyo na jina mwachie anayetaka kuvunja ndoa ya watu.

Sasa nikuseme. Umesema unafanya kama alivyofanya marehemu baba yako. Sivyo, bwana, umemsingizia maiti. Baba yako alimleta daktari mpaka uani, akauliza, akaenda chumbani, akarudi na jibu la mama yako kutoka kinywani mwa mama yako. Alikuwa tarishi, na tarishi mwaminifu. Wewe uliulizwa habari ya miguu ukasema haina kitu, na mwenye miguu hujamuuliza. Mngekuwa mnasimuliana habari za bei ya mchele ningekusamehe. Mwanamke kakaa siku nane haisikii ardhi na hakusema, kwa kuwa anaamini mumewe na daktari wanajitahidi. Nyinyi wawili mlikuwa mnajitahidi juu ya mgongo wako!

Haya, nimekwisha kukusema, na sina kinyongo. Mume aliyemwambia mkewe ‘vumilia’ hanipi kazi ya kuandika, maana hata barua haleti. Wewe umepanda basi, umekaa kwenye benchi, umevua shati, umepiga makelele ukaonekana mwoga, na yote hayo ni kwa ajili yake. Mapenzi unayo. Uliyaelekeza vibaya tu. Na lile neno uliloona bora uniandikie mimi, mimi nina mume, mwambie mwenyewe.

Haya basi, sikiliza utakavyofanya.

Leo hii ukirudi ndani kula chakula cha mchana, mwambie ukweli kabla hujanawa mikono. Mwambie ulisema mgongo ni wako, na kwa nini. Atacheka au atakasirika, na vyote viwili ni haki yake, wewe uvumilie. Usimwombe msamaha kwa maneno mengi, maana mgonjwa akianza kukubembeleza wewe, mambo yamegeuka tena. Kisha muulize: mguu, homa, usingizi, haja ndogo kama anaweza kuizuia. Ndiyo, hata hiyo, usijikunje. Ukiona hiyo imebadilika, usingoje hata kesho, mpeleke saa hiyo hiyo.

Mama yako umwendee na adabu zake zote, lakini usimwombe ruhusa. Mwambie, ‘Mama, kile kinundu ulichokiona wewe ndicho kilichonifungua macho.’ Ni kweli, ndiye pekee katika nyumba hiyo aliyeutazama mgongo unaohusika. Kama anasema haifai, mwite mwalimu wenu aliyewaandikia kombe, amjibu mbele yako. Sijaona mwalimu mwenye elimu yake anayekataza mgonjwa aonwe na tabibu panapokuwa na dharura, hasa mahali pasipokuwa na tabibu mwanamke. Halafu mwombe mama huyo huyo afuatane nanyi, akae chumbani kwa daktari, aushike mkono wa mkwewe. Akifunga mzigo, mchukulie mpaka kwa kaka yako, msalimie kaka yako, rudi umchukue mkeo. Mama atarudi, ulisema mwenyewe ameshafunga mara mbili, na naona bado yuko kwako.

Kuanzia leo asichuliwe mgongo, asikandwe, asipigwe chuku, na kile kinundu kisiguswe na mtu kwa nia njema. Asiiname, asiinue sufuria wala mtoto. Kama analala kwenye kitanda cha kamba kilicholegea, weka ubao chini ya godoro. Na siku ya kwenda usimpandishe basi, barabara ya Temeke naijua, ina mashimo yanayoumiza hata mgongo kama wako. Kodi motokaa, alale kiti cha nyuma, dereva aende polepole.

Unaogopa benchi na masikio ya mzee Alibhai. Wewe mwenyewe ulikaa benchi la mbele mara mbili usijue kwamba dispensari ile ina mlango wa pili. Mimi naijua, nimepeleka wanawake pale. Uzunguke uchochoro wa nyuma, kuna chumba cha wanawake, na ndani yake yuko Bi Sherbanu, mke wa daktari, mwanamke mpole mwenye funguo kiunoni. Yeye huwapokea wanawake, huwasaidia kufungua nguo pale tu panapotakiwa, na husimama hapo mpaka mumewe amalize. Miaka yote Wahindi, Waarabu na Waswahili wanapeleka wake zao kwa mlango ule, na nyinyi wa benchi la mbele mnadhani wake za watu hawaumwi.

Na Haiderali kukucheka? Atacheka. Mtu mliyeiba maembe pamoja asipokucheka kwa hilo hana urafiki. Lakini hatacheka barazani, kwa kuwa habari ya mgonjwa ni amana, na daktari anaijua amana yake kuliko sisi. Na tuseme amevunja amana, kaka yako akajua, mji ukajua. Ukae barazani uchekwe miaka miwili, mkeo yuko nyumbani anatembea. Au uheshimiwe na watu wote wa Kariakoo, na mkeo anabebwa kupelekwa chooni na mtoto wake Zubeida. Chagua. Najua utakachochagua, nimekwisha kuiona barua yako.

Nenda kesho asubuhi, si Alhamisi. Ile barua ya eksirei yenye jina lako mrudishie daktari mkononi, aichane, aandike nyingine kwa jina la mwenye kuumwa. Ukiingia usizunguke, usianze na salamu za ukoo, usiseme ‘watu wangu wa nyumbani’. Sema: ‘Daktari, nilikudanganya. Mgongo ni wa mke wangu, na huyu hapa nimemleta.’ Maneno hayo hata mtu mwenye haya kama wewe anaweza kuyasema kwa pumzi moja.

Halafu daktari atasogeza kiti, atauliza panauma wapi na tangu lini. Wewe unyamaze. Mwenye mgongo atajibu.

Bi Tunu